Data "haikupangwa" au "haikukaa"?

SWALI: Naandika kwa C programu ya mzani wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Naijaribu kwenye kompyuta ya Intel ya biti 32 yenye Linux, kisha naikompaili kwa ajili ya bodi ya ARM. Faili la vipimo likihamia kwenye bodi, uzito unasomeka ovyo. Kwenye ripoti niandike data "haikupangwa", "haikulingana", au vipi?

JIBU: Andika kwamba data haikukaa mahali pake, na jambo lenyewe uliite mkao wa data (kwa Kiingereza, alignment).

Tazama rekodi yako: namba ya mzigo baiti 4, kisha uzito wa aina ya double (namba yenye desimali), baiti 8. Kwenye Intel hiyo uzito unaanzia baiti ya 4 (tukihesabu kuanzia 0), na rekodi nzima ni baiti 12. ARM ya EABI (kanuni za jinsi programu zinavyoweka data kwenye kumbukumbu) inataka double ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo kompaila inatia baiti 4 za kujazia, uzito unaanzia baiti ya 8, na rekodi inafika 16. Namba bado inatangulia, uzito bado unafuata, na ukubwa wa kila kimoja ni ule ule. Kilichohama ni mahali unapoanzia uzito tu.

Ndiyo maana "haikupangwa" inapotosha. Kupanga ni habari ya nani atangulie nani, na neno mpangilio tunalihitaji kwa tatizo jirani: mpangilio wa baiti, yaani baiti ipi ya namba ianze. Fundi akisoma "mpangilio mbaya" ataanza kugeuza baiti, ilhali Intel na Linux za kawaida za ARM zote huanza na baiti ndogo. Ataharibu na kilichokuwa kizima. "Kulingana" nako ni kuwa sawa kwa kiasi au thamani. Hapa hakuna kilichopungua.

Kaa ndicho kitenzi chenyewe. Shati humkaa mtu. Magunia yakikaa vibaya mtumbwini, idadi ni ile ile lakini mtumbwi unalalia upande. Nomino yake imeundwa kama mwendo na mchezo, na ngeli ni U-I: mkao huu, mikao hii.

Ripoti basi isomeke: "Uzito umekaa baiti ya 4 kwenye Intel, baiti ya 8 kwenye ARM." Sentensi hiyo inamwonyesha fundi dawa: aandike faili kipengele kwa kipengele, asimwage strakti nzima, yaani rekodi yote kama ilivyo kwenye kumbukumbu.

Kuna kosa la pili la mkao, la kusoma namba ya baiti 4 kupitia pointa (kigezo kinachobeba anwani), nalo lina sentensi yake: "Pointa imeelekezwa kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4." Intel hulimeza kimya, Cortex-M0, kichakataji kidogo cha ARM, husimamisha programu hapo hapo. Nakili baiti kwa memcpy (amri ya C ya kunakili baiti) kwanza, ndipo usome. Ukitumia kompaila ya GCC, weka chaguo la onyo -Wcast-align=strict, maana -Wcast-align peke yake haikuonyi ukikompaili kwa Intel.