Re: Tuzo za jamii, washindi wachaguliwe kwa kura za simu au majaji? (jibu refu, mnivumilie)

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu: washindi wapatikane kwa kura za simu au majaji, vipengele viwe vingapi, na huyo mdhamini mkubwa ambaye naye ana biashara hapohapo mtaani mnamfanyaje. Nimekaa kwenye kamati za tuzo za namna hii miaka kadhaa, nilianza kama msoma fomu baadaye wakanisogeza kwa majaji, kwa hiyo naongea nilichokiona. Ila naanza na kitu ambacho hujauliza, maana ndicho kinachoamua mengine yote: hayo majina mnayapataje?

Watu wakianzisha tuzo watabishana wiki nzima kuhusu kura, ngao, ukumbi na emsii, alafu suala la mapendekezo wanarusha tangazo moja mtandaoni wanakaa kusubiri. Mshindi hawezi kutoka nje ya majina yaliyoletwa, hata mlete majaji waadilifu kiasi gani. Na ukikaa kusubiri wanaokuja ni walewale, biashara yenye kijana wa kushughulikia kurasa zake, shirika lenye ofisi na mtu wa mawasiliano, na yule ndugu wa kila kikao ambaye akiona kamera tu shingo inarefuka. Mtu anayewahangaikia wagonjwa wasio na ndugu wala hajui kama kuna tuzo, na akijua hatajileta. Majirani nao hawamleti kwa sababu wameshamzoea, kwao huyo "ndio alivyo siku zote", yani wema wake umegeuka kuwa kama ukuta wa nyumba, unapita kila siku huuoni.

Ngoja niwape mfano mmoja. Mwaka fulani tulikuwa tunasoma fomu za mkazi bora, mezani kuna faili limefungwa vizuri kwenye plastiki, kurasa kibao, picha za rangi, barua za kuunga mkono zenye mihuri, na chini yake kuna karatasi moja ya daftari imekunjwa mara nne, mwandiko wa kalamu ya bluu unapanda mlima. Imeandikwa kwamba huyu mama akisikia kuna maiti imekosa mwenyewe ndiye anayekwenda kufuatilia kibali, anatafuta watu wa kuchimba, anasimama mpaka mwisho, na hana cheo chochote. Basi. Hakuna namba ya simu ya aliyependekezwa, hakuna picha, na kwenye sehemu ya "mafanikio" mwandishi kaandika "sijui". Mwenyekiti akasema fomu haijakamilika iwekwe pembeni, na kwa kanuni tulizokuwa nazo alikuwa sahihi kabisa. Mmoja wetu akaomba apewe siku chache za kuulizia. Aliporudi alikuwa na maelezo ya watu wasiojuana, wa hospitali, wa makaburini, na mzee mmoja wa nyumba ya ibada, wote wanasimulia jambo lilelile na tarehe zao zinakubaliana. Faili la plastiki halikufua dafu.

Tangu hapo fomu yetu ikabadilishwa. Ukurasa mmoja, maswali yenyewe ya kawaida tu: huyu mtu anafanya nini, umejuaje, nani mwingine anaweza kuthibitisha, na akiacha leo nani ataumia. Hilo la mwisho ndilo linalochuja kuliko yote, maana mtu wa maonyesho ukimuulizia "akiacha nani ataumia" mpendekezaji anabaki anaandika habari za kuhamasisha na kuwa mfano kwa vijana. Na tuliruhusu watu wapendekeze kwa mdomo, kijana wa kamati anakwenda na fomu anakaa na watu anajaza yeye. Ni kazi kweli, lakini nusu ya majina ya maana yalikuwa yanatoka huko.

Kujipendekeza mwenyewe je? Kwa mkazi bora na vikundi vya kujitolea mimi ningekataza. Nobel yenyewe mtu akijileta anatupwa nje moja kwa moja, na majina ya waliopendekezwa yanafungiwa miaka 50 ndio yaonekane. Uingereza nao wana tuzo ya vikundi vya wanaojitolea, ilianza 2002 enzi za Malkia Elizabeth, siku hizi inaitwa ya Mfalme, na kikundi hakiwezi kujipendekeza, lazima mtu wa nje aliyeona kazi yao aandike. Kwa biashara mimi siweki katazo hilo, mwenye duka akijaza fomu yake mwenyewe sawa tu, alimradi mkifika mnaangalia na vile ambavyo hakuviandika.

Kuna mdau hapo juu kasema tuzo ndogo za mtaani hazina maana mpaka mtu awe ameshajulikana. Hapo ndipo nisipokubaliana kabisa. Chukua Wangari Maathai, yule mama wa Kenya mtetezi wa mazingira, kila mtu anakumbuka Nobel ya 2004. Green Belt, harakati yake ya kupanda miti, aliianzisha 1977, tuzo ya Right Livelihood alipewa 1984, ya Goldman ya watetezi wa mazingira 1991, na katikati ya hapo kuna kipindi cha ile vurugu ya 1989 alipopinga jengo refu kujengwa kwenye bustani ya Uhuru Park, Nairobi, ambapo wakubwa walikuwa wanamdharau hadharani. Sasa jiulize kati ya hizo tuzo ni ipi iliyomfaa zaidi kama mtu anayehitaji kusikilizwa. Kumpigia makofi mtu ambaye dunia nzima inampigia ni rahisi, lakini ile ya 1984 kuna mtu alikaa chini akamwona kabla. Tuzo ya mtaa ikifanya kazi yake inakuwa hiyo ya mapema.

Haya, kura za simu. Kura inapima nani ana watu wengi wenye simu, basi. Mwajiri anawaambia wafanyakazi wote wapige kura na watume picha ya skrini kwenye grupu, shule inapigia mwalimu wake, shirika lenye wafuasi wengi linaomba hadi watu walioko nchi nyingine ambao hawajawahi kukanyaga huo mtaa. Na kama kila meseji inakatwa hela na waandaaji wanapata mgawo, ndio kabisa, maana hapo mwandaaji anakuwa na faida kura zikiendelea kumiminika, atapata wapi moyo wa kuchunguza kura feki? Nilichoona kinafanya kazi ni hivi: watu wote walete majina, majaji wachuje na kuamua, na kama mnataka shamrashamra wekeni kipengele kimoja tu cha chaguo la watu, kiandikwe hivyohivyo kwamba ni chaguo la watu, kisichanganywe na vingine.

Majaji wasiwe wote wa aina moja. Muuguzi, mwalimu mstaafu, fundi, mtu wa hesabu, kijana mmoja mkorofi wa kuuliza maswali, hao wanatosha. Jaji akiwa na undugu au biashara na mteule anatoka nje ya chumba, narudia ANATOKA, sio anabaki amenyamaza, kwa sababu hakuna mtu atakayesema ukweli kuhusu shemeji yako wakati umekaa hapo unakoroga chai. Alama kila mtu aandike kivyake kabla ya mjadala, vinginevyo mwenye sauti kubwa ndiye anayechagua washindi.

Biashara bora ndio kipengele chenye fitina kuliko vyote. "Bora" kwa lipi? Msipoamua mapema mtaishia kumpa mwenye jengo kubwa. Sisi tulikubaliana kuangalia anavyowatendea wafanyakazi, anavyoshughulikia mteja mwenye malalamiko, na ana mchango gani kwa watu wanaomzunguka nje ya kuuza. Tukawa tunakwenda bila taarifa, na kuongea na wafanyakazi wakiwa wanatoka kazini, mbali na mlango. Kuna biashara moja ilikuwa inaleta albamu ya "misaada kwa jamii" kila mwaka, ukiitazama unaifurahia, mpaka mwenzetu alipoziweka picha sambamba tukaona mashati yaleyale, ukuta uleule, hadi mtoto aliyeshika boksi ni yuleyule na hajakua. Shughuli moja imepigwa picha kila pembe ikagawanywa kwenye miaka. Hatukuwaaibisha, tuliwarudishia albamu yao tu.

Asasi za hisani angalieni usajili, hesabu za mwaka, na nani wako kwenye bodi (ukikuta mume, mke na mtoto wao hapo ulizeni zaidi, sio lazima iwe wizi lakini ulizeni). Msihukumu kwa kigezo kwamba asasi isiyotumia hela kwenye ofisi ndio nzuri, maana mtu wa hesabu naye ni matumizi ya ofisi, na asiye na mtu wa hesabu ndiye mara nyingi hajui hela imekwenda wapi. Mkienda kwa wanaosaidiwa msiulize "wanawasaidia?" kwa sababu watajibu ndiyo, nani atakata tawi alilokalia. Ulizeni "mara ya mwisho walikuja lini, walileta nini". Anayesaidiwa kweli anajibu bila kufikiri.

Mdhamini sasa. Kanuni iandikwe KABLA hela haijaingia: anayedhamini mwaka huo hashindani kipengele chochote, haweki jaji, haoni orodha ya washindi kabla ya wengine. Nembo yake kwenye bango sawa, meza yake ukumbini sawa. Akikataa masharti hayo basi alikuwa ananunua tuzo na ni heri mfanyie sherehe chini ya mti. Na hapa niwatahadharishe wenye biashara ndogo mnaosoma, zile barua pepe za "hongera umeteuliwa kuwa biashara bora" kutoka kwa watu ambao hujawahi kuwasikia, wewe hukujaza chochote na hawajawahi kufika kwako, alafu mwishoni wanakutaka ulipie ngao, meza na tangazo kwenye jarida lao, hiyo ni biashara yao na bidhaa ni wewe. Tuzo ya kweli haimtozi mshindi.

Kitu ambacho kamati nyingi hazikifikirii ni kumuuliza mshindi kwanza. Nishani za Uingereza mtu anaandikiwa kimyakimya aseme kama anakubali ndipo jina litangazwe, na wapo wanaokataa. Sisi tuliwahi kuwa na mteule anayewahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, tulipompigia akasema nashukuru lakini mkiweka picha yangu na ninapokaa, wale wanaowatafuta hawa watu watakuwa wamepata ramani. Tungetangaza kwa mshtukizo kama alivyotaka emsii, mngesikia habari nyingine. Alipokea cheti bila picha, jina la kwanza tu likasomwa. Na wengine mkiwatangaza mlango wao haufungwi tena kwa foleni ya wenye shida, kwa hiyo ulizeni pia "ukijulikana utaumudu huo mzigo?"

Na kama hakuna anayestahili, msitoe. Tuzo ya Mo Ibrahim ya viongozi wa Afrika ina hela ndefu kweli na bado 2009 na 2010 walisema hakuna mshindi, wakasonga. Kipengele kitupu kwenye ratiba kinaleta minong'ono wiki moja, mshindi wa kuokoteza anasemwa miaka.

Vipengele kwa kuanzia vitano au sita vinatosha: mkazi, kijana, kikundi cha kujitolea, biashara ndogo, asasi ya hisani, na hicho cha chaguo la watu mkitaka. Watu wa kawaida wapewe kipengele chao peke yao, msiwachanganye na watu maarufu. Australia wanatoa tuzo ya Mwaustralia wa Mwaka tangu 1960 lakini kipengele cha shujaa wa mtaa walikiongeza 2003, kabla ya hapo mtu wa mtaani alikuwa kwenye kapu moja na wanamichezo na wanasayansi, fikiria.

Sherehe sina mengi. Washindi wakae mbele, wadhamini nyuma yao, na maelezo ya kila mshindi yaandikwe na mtu aliyesoma fomu, yasizidi dakika moja, emsii ayafanyie mazoezi pamoja na matamshi ya majina. Zawadi ikiwa ndogo haina neno, ila muulizeni mtu anahitaji nini kabla hamjachonga kioo cha kuwekwa juu ya kabati.

Yule aliyeuliza kuhusu mwanasiasa kualikwa kukabidhi: mwacheni akabidhi, apige picha, ashikane mikono na kila mtu. Maiki msimpe.