Jibu: Kazi ya usiku na masomo, niache gani?

Pole sana mdogo wangu. Umeuliza kama uache kazi ya usiku hapo saiba (cyber café) ama uahirishe semista, mi naona usikimbilie kuacha chochote, anza na usingizi. Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa hivyo hivyo, nafunga duka saa tano usiku, nashika mat hadi Githurai, nafika nafungua noti na kikombe cha kahawa, saa nane bado nimekodoa macho, asubuhi kwa leksha naamka na mate kwa daftari, dem wa nyuma ananipatia tishu 😂. Yaani ubongo hupanga yale umesoma ukiwa umelala, ukikesha unateka maji na gunia. Mtu mzima anahitaji kulala angalau masaa 7, na kahawa ya jioni, baada ya masaa 5 karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini.

Ongea na bosi akupunguzie hata siku mbili wiki ya mitihani. Jumapili, zima simu utembee Arboretum, ile bustani ya miti hapo Nairobi. Na ukule vizuri, chai na mandazi si lanchi buda. Ukizidiwa ingia ofisi ya ushauri hapo chuo, hakuna mtu atakucheka. Bosi akikataa rudi utuambie, kuna mahali nimesikia wanatafuta mtu wa wikendi tu.