Kumi bora ya sebuleni kwangu

Mmeuliza wiki hii: mtoto anayeongoza darasani aongezewe tuisheni au apunguziwe? Mimi nilimwongezea, mpaka siku moja nikifua sare.

Binti yangu yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa. Mfukoni mwa sketi yake nilikuta karatasi ya hisabati imekunjwa na kukunjwa tena. Alama 44 kati ya 50. Kwa viwango vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, 41 tu tayari ni A. Mtoto wa miaka tisa ananificha A!

Nilipomuuliza akasema, "Mama, ungeniuliza nani kapata 45."

Na kweli ningeuliza. Ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kila Ijumaa, hata viatu hajavua. NECTA waliacha kutangaza kumi bora ya wanafunzi na shule Januari 2023. Mimi sebuleni niliendelea kutangaza.

Kumbe dalili zilikuwepo. Alikuwa anafuta jibu kwa raba mpaka daftari linatoboka. Swali asilolijua haligusi, analiruka. Kupata alikuwa amekuzoea, kukosa hakuna aliyemfundisha. Na ile tuisheni ya Jumamosi ilimrudishia yale yale ya Jumanne, kwa pesa yetu.

Nikaikata. (Baba yake alinuna wiki nzima, ada alikuwa keshalipa.) Jumamosi sasa anashinda kwa bibi yake, Mrufiji anayesuka ukili wa mikeka. Huko binti yangu ni wa mwisho, mkono mzito ajabu. "Fumua hapo, mke mwenzangu, umekosea," bibi humwambia. Mara ya kwanza alilia. Siku hizi anafumua huku akipiga soga.

Sisemi aachiwe tu. Maswali magumu namtafutia, lakini mawili matatu ya kumkuna kichwa, siyo kurasa nne za anayoyajua. Kazi kubwa imekuwa mdomo wangu. Ijumaa nikimwona getini, lile swali linanifika kooni, namuuliza kwanza kama ana njaa.

Muhula uliopita alikuwa wa nne. Ripoti alinipa mwenyewe mkononi, akauliza kama anaweza kwenda kucheza rede kabla giza halijaingia.

Mama wa wawili, Tabata, Dar es Salaam