Taa za breki hazizimiki? Anzia kwenye pedali

Kaka, kama taa za breki zinabaki zinawaka hata ukizima gari na kuchomoa ufunguo, usikimbilie kununua balbu wala kufumua nyaya. Inama chini ya dashibodi na tochi, utazame juu kabisa ya mkono wa pedali ya breki. Kuna swichi ndogo yenye kipini kinachoingia na kutoka. Ukiachia pedali, mkono wake unakibonyeza na taa zinazima. Ukikanyaga, kinachomoza na zinawaka.

Kwenye magari mengi ya Kijapani kipini hicho hakigusi chuma moja kwa moja, kinagusa kipira kidogo kilichopachikwa kwenye tundu la mkono wa pedali. Kikizeeka kinapasuka, kipini kinapenya tunduni, na gari linahesabu kwamba umekanyaga breki muda wote. Angalia kapeti la dereva: ukikuta vipande vya kipira hicho vilivyovunjika-vunjika, jibu ndilo hilo. Bonyeza kipini kwa kidole. Taa zikizima, swichi ni nzima, tafuta kipira tu, na bei yake ni ndogo sana. Zisipozima, chomoa soketi ya swichi. Zikizima hapo, badilisha swichi.

Usiku huu fungua waya wa hasi wa betri, la sivyo asubuhi gari haliwaki. Na tafadhali, usitoe fyuzi ya STOP, yaani ya taa za breki, ukaendesha hivyo hivyo. Aliye nyuma yako, hasa wa bodaboda, hatajua unasimama, na magari mengi ya otomatiki yatagoma kutoka kwenye gia ya P, ya kuegesha.