Ndugu wa Langoni, Ijumaa usimlipe huyo wakala kabla hujaisoma leseni

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba umeuza sehemu yako ya shamba, una kama shilingi milioni 2, wakala amekuahidi visa ya mwekezaji ya Dubai kwa dirham 14,500 na Ijumaa unakwenda kumlipa. Wataka kufungua duka Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, la kofia za vito za kushonwa kwa mkono, makubadhi na vitu vya nakshi kutoka Lamu. Umetuuliza upange mtaa gani na mke na watoto wanne, shule zikoje, mzigo uende kwa ndege au kwa meli, na benki ipi inafungua akaunti upesi. Lakini liko swali ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niache kazi nikae kuandika: hiyo leseni inayokuja na visa imetolewa na nani, na inakuruhusu kuuzia wapi?

Bei hiyo naijua. Maneno hayo nayajua. "Siku chache tu, visa mkononi, asilimia 100 kampuni ni yako, kodi hakuna." Nami niliambiwa hivyo hivyo, hapa Malindi, na mtu wa kwetu aliyekunywa kahawa barazani na marehemu baba.

Sikiza. Kwa mtu mwenye mtaji kama wetu, visa ya mwekezaji haisimami peke yake. Anayenunua nyumba ya dirham milioni 2 hupewa ukaazi wa miaka 10, na huyo ana mambo yake. Mimi na wewe tunafungua kampuni, kampuni inapewa leseni, na kwa leseni hiyo ndipo mwenye kampuni anapopata ukaazi, kwa kawaida wa miaka miwili. Visa ni mkia, leseni ndiyo mnyama, na wakala atakuuzia mkia kwa sababu ndio unaoutaka.

Na leseni ziko za namna mbili. Iko inayotolewa na idara ya uchumi na utalii ya Dubai. Hiyo ndiyo ya kufungulia duka mtaani, Deira, Naif, Karama, popote pale, ukamuuzia anayepita. Na iko ya frizoni, inayotolewa na mamlaka ya eneo huru la biashara. Ya frizoni ni nzuri kwa anayefanya biashara ndani ya eneo lile, au anayenunua China na kuuza Afrika, au anayefanya kazi ya ushauri kwenye kompyuta. Kwa leseni hiyo pekee hufungui duka Deira. Tena frizoni si za Dubai tu, ziko karibu kila emirate, yaani kila moja ya falme saba za nchi ile, na zile za bei nafuu nyingi zipo Ajman, Sharjah, Ras al-Khaimah na huko juu. Wakala hakwambii. Akwambia "ni nchi moja". Nchi ni moja, ndiyo, lakini leseni za biashara kila emirate ina mamlaka yake.

Mimi nilikwenda 2022. Nilikuwa na duka la khanga, vikoi na viungo, nikaona watu wetu wamejaa Deira na wanatafuta vitu vya nyumbani. Yule bwana akanishughulikia leseni ya frizoni ya emirate moja ya kaskazini. Visa kweli ilitoka upesi. Nikapimwa damu, nikapigwa picha ya kifua, nikapewa kitambulisho, nikaona mambo yamenyooka. Nikapata kiduka Naif, mlango mmoja, mahali pa kupita watu. Dalali wa nyumba akataka amana na kodi ya miezi mitatu, na iliyobaki kwa hundi za tarehe za mbele. Hundi sikuwa nazo, nikamuomba nilipe taslimu zile za mwanzo, hundi nitaleta akaunti ikifunguka. Akakubali. Nikasaini. Nikalipa seremala wa rafu. Mzigo nao ulikuwa umeshaondoka Mombasa.

Siku nilipokwenda kuandikisha mkataba wa pango ndipo nilipojua. Kule kila mkataba huandikishwa katika mfumo unaoitwa Ejari, na watu huenda kwenye vile vituo vya kuchapisha karatasi. Kijana wa mezani akaipokea leseni yangu, akaisoma juu mpaka chini, akairudisha upande wangu na kuweka kidole juu kabisa, palipoandikwa jina la mamlaka iliyoitoa. Hakusema neno kwanza. Akashusha kidole mpaka kwenye anwani ya kampuni, akanitazama. Kisha akaniuliza taratibu kwa nini nimekodi duka Dubai kwa kampuni ambayo si ya Dubai. Mfumo hautaipokea, akasema. Alinionea huruma, akaenda kuniletea maji. Mtu wa kwanza kuniambia ukweli katika safari ile yote alikuwa karani wa Kihindi nisiyemjua, na hakunitoza kitu.

Bila Ejari umeme hauwashwi kwa jina lako. Bila mkataba ulioandikishwa benki haikusikilizi, maana benki za kule zinauliza: ofisi yako iko wapi, wauzaji wako ni nani, wateja wako ni nani, tuone ankara. Kampuni changa ya frizoni, mwenyewe amefika juzi, shughuli yake "biashara ya jumla", hukaa wiki na wiki ikingojea jibu, na jibu mara nyingi ni hapana. Bila akaunti hakuna kitabu cha hundi. Bila hundi mwenye nyumba hakungoji. Na wakati huo mzigo upo bandarini Jebel Ali unahesabiwa gharama ya kuwekwa, na ndani yake mna viungo, ambavyo ni chakula, na chakula kinahitaji idhini ya Manispaa ya Dubai na lebo yenye Kiarabu. Hilo nalo hakuniambia mtu.

Mkataba wa duka ulikuwa na kifungu cha faini kwa anayevunja mapema. Amana ikaenda, kodi ya miezi mitatu ikaenda, rafu zikabaki kwa mwenye nyumba. Ada ya leseni hairudishwi. Nikijumlisha ni zaidi ya shilingi milioni 1.6, na katika hizo mna dhahabu ya mke wangu, aliyoitoa mwenyewe bila kuombwa mara ya pili. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza atuonyeshe leseni yake.

Sasa nikwambie linalonichoma mpaka leo. Nilipompigia yule bwana simu alinijibu kwamba leseni ya Dubai yenyewe isingewezekana, kwa sababu sheria inataka Mwarabu mwenyeji awe na asilimia 51 ya kampuni. Nikamwamini tena! Kumbe sheria hiyo ilikuwa imeshabadilika. Tangu tarehe 1 Juni 2021, kwa shughuli nyingi za biashara, mgeni anaweza kumiliki kampuni ya aina hiyo asilimia 100. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake mwaka baadaye. Ama hakujua, na basi hakuwa na haki ya kupokea pesa ya mtu kwa kazi hiyo, ama alijua na akanyamaza kwa sababu frizoni humlipa wakala kamisheni. Sijui lipi ni baya zaidi. Na yeye bado anapanda ngazi za ofisi yake kila asubuhi, na vijana wa Shela, wa Kisumu Ndogo, wa Watamu wanampelekea akiba za mama zao. Ndugu yangu, huyo wako wa Lamu ukimuuliza kuhusu leseni ya idara ya uchumi ya Dubai akakutajia asilimia 51, inuka uondoke, hata chai usimalize.

Watu watakuja hapa waseme mambo yamelegezwa. Kweli, mwaka 2025 Dubai ilianzisha kibali cha kuruhusu kampuni za frizoni zake kufanya baadhi ya kazi nje ya eneo lao. Ni za frizoni zake, zilizosajiliwa Dubai. Kampuni yako ikiwa ya emirate nyingine, hicho si chako.

Na hilo la "kodi hakuna", nalo ni la zamani. Ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 5 upo tangu Januari 2018, na mauzo yakipita dirham 375,000 kwa mwaka lazima ujisajili. Kodi ya kampuni ilianza Juni 2023: faida mpaka dirham 375,000 haitozwi, inayozidi hapo ni asilimia 9. Ukiona hivyo utasema faida yangu ndogo, hainihusu. Inakuhusu. Kujisajili ni lazima hata kama hukupata faida, na anayechelewa faini ni dirham 10,000. Dirham moja ni kama shilingi 35, piga hesabu mwenyewe.

Tena usidhani ukishindwa utapanda ndege urudi Lamu yaishe. Kampuni haifi kwa kuachwa. Leseni isiyofungwa rasmi na visa isiyofutwa huleta faini juu ya faini, na siku utakayotaka kurudi kwa njia nyingine utaikuta hesabu inakungoja. Mimi ile ya frizoni niliifunga kwa kulipa, ndipo nikaanza upya na idara ya uchumi. Na ukaazi huu wa kawaida hufa ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa hiyo kama una hesabu ya kuendesha duka kwa simu ukiwa Langoni, ukienda mara moja moja, iangalie tena.

Utaratibu unaofaa kwa duka ni huu, na ndio nilioufuata mara ya pili. Unaanza na bidhaa: nauza nini hasa. Kila bidhaa ina shughuli yake kwenye orodha ya idara, nguo ni moja, viatu ni nyingine, samani ni nyingine, na unachanganya zile zinazoruhusiwa pamoja. Kisha unahifadhi jina la biashara na kupata idhini ya awali. Ukishaipata idhini hiyo, ndipo unatafuta duka na kusaini pango na kuliandikisha Ejari. Kisha leseni. Kisha kadi ya uhamiaji ya kampuni, ile ya kuombea visa. Visa ni ya mwisho kabisa. Wakala akikuanzia na visa ameipindua kazi juu chini, na utakayeanguka ni wewe. Na katika mkataba wa pango mwambie mwenye nyumba aandike kwamba leseni ikikataliwa amana inarudi. Wengine watakataa. Tafuta mwingine, milango ni mingi Deira.

Kama pesa hazitoshi duka, na kwa milioni 2 sioni zikitosha ukitoa kodi ya pango, leseni na chakula cha watoto wanne, basi mwaka wa kwanza usihamie. Muuzie kwa jumla mwenye duka aliyepo tayari. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono ina wanunuzi wake, hasa Waomani. Nenda kwa visa ya matembezi ukiwa na sampuli, zungumza na wenye maduka, rudi. Bidhaa ikitembea, leseni utaitafuta ukiwa na wateja, na benki nayo itakuwa na ankara za kusoma. Ukiwaacha watoto kwenye madrasa na shule yao Lamu mwaka mmoja hawatapungukiwa kitu.

Na moja umelipitia haraka nikashtuka: "milango ya zamani na masanduku ya babu". Usithubutu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inalinda milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946, na vitu vya kale havitoki nchini bila kibali. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Peleka kazi za mafundi waliopo leo, wapo hapo hapo Lamu na wanahitaji oda, ukiwa na risiti ya kila kipande. Mlango wa babu ubaki ukutani kwake.

Sasa fanya hivi. Mwambie wakala akupe jina kamili la mamlaka itakayotoa leseni, emirate yake, na orodha ya shughuli zitakazoandikwa juu yake. Akiwa na jambo la kweli atakupa leo leo. Karatasi aliyokwisha kukupa ipige picha, ufunike jina lako na nambari ya pasi, uiweke hapa tuisome pamoja. Ijumaa nenda ukasali, pesa ziache benki.