Skrepa ya babu: tuanzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yetu alituachia skrepa (mashine ya kukwangua na kubeba udongo) ya LeTourneau ya kuvutwa na trekta, ile inayoendeshwa kwa kamba za waya, ambayo imekaa chini ya mwarobaini kwa zaidi ya miaka 30. Katapila lake, lenye winchi (mtambo wa kuvuta kamba) ya ngoma mbili kwa nyuma, tumeshalifufua, na tungependa kuchimba lambo la ng'ombe kabla mvua hazijaanza. Fundi mmoja anashauri tuondoe kamba na kufunga mikono ya haidroliki, inayosukumwa kwa mafuta. Mwingine anasema tuvute tu kwa nguvu, itajiachia. Tumfuate yupi? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Ndugu msomaji, ninawasihi msimfuate hata mmoja.

Skrepa za kamba ambazo Mmarekani Robert LeTourneau alizieneza katika miaka ya 1930 ziliundwa kuninginia. Winchi huinua beseni linalobeba udongo, na ikilegezwa, beseni hushuka na kisu chake kuzama ardhini kwa uzito wake lenyewe. Kamba ya pili hufungua lango la mbele, kisha ukuta wa nyuma huvutwa mbele ili udongo umwagike. Kamba huvuta tu, haisukumi. Mkono wa haidroliki ukikandamiza beseni hilo chini, utaitwisha fremu mzigo ambao haikutengenezewa, nayo inaweza kupinda au kupasuka kwenye maungio. Kuhusu kuvuta kwa nguvu, puli (gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba) iliyoganda haizunguki, hivyo kamba husagika juu yake mpaka ikatike, na kamba ya waya inayokatika ikiwa imekazwa huchapa kwa nguvu ya kuvunja mguu wa mtu.

Anzeni na puli. Ng'oeni moja baada ya nyingine, mziloweke kwenye mafuta ya taa kwa siku kadhaa, msafishe pini na njia za grisi, kisha mpitishe kidole ndani ya mfereji wa kila puli. Mkikuta alama za nyuzi zimejichora kwenye chuma, kama kamba inavyochora mdomo wa kisima cha zamani, puli hiyo ipelekwe kwa mkereza vyuma au ibadilishwe, kwa sababu itaitafuna kamba mpya. Kamba za zamani zitupwe zote, hata zile zinazoonekana nzima, maana kutu huanzia ndani. Kamba mpya iwe ya unene unaolingana na mfereji, na inapofungwa kwa kabari, upande unaobeba mzigo unyooke moja kwa moja kuelekea kwenye pini, huku mkia ukibaki upande mwingine. Mafundi wengi hukosea hapo.

Linalonitia hofu zaidi ni matairi. Ikiwa ringi zake ni za vipande, zenye pete ya kufungia pembeni, pete hiyo inaweza kuruka na kuua. Kabla ya kulegeza nati yoyote, toeni moyo wa valvu na mhakikishe upepo umekwisha kabisa, hata kama tairi linaonekana bapa. Ringi isichomelewe wala kupashwa moto tairi likiwa limo, kwa kuwa joto hilo laweza kulipasua hata lisipokuwa na upepo wa kutosha. Wakati wa kujaza, tairi liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, na mjazaji asimame pembeni akitumia mpira mrefu wa upepo.

Mtu asiingie chini ya beseni lililoinuliwa kwa kamba pekee. Liegemezeni kwanza kwenye magogo mazito. Zikishafungwa kamba, inueni na kushusha beseni tupu mara nyingi mashine ikiwa imesimama, watu wote wakiwa mbali, na mkague puli baada ya kila zamu, mkiangalia iliyopata moto kuliko nyingine. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu mno, kwa hiyo ulimeni kwanza kwa ripa (jino refu la chuma la kupasua ardhi), kisha skrepa ikwangue tabaka jembamba. Mkikuta kisu kimelika, tazameni ukingo wake wa nyuma kabla ya kununua kingine, kwani visu vingi vya skrepa hugeuzwa ili ukingo huo utumike mbele.