Kitenzi cha Kifaransa kina silabi ngapi?

Mwalimu, "ils parlent" nahesabu il-par-lent, silabi tatu. Mbona naambiwa nakosea?

Ni mbili: il-parl. Kiishio -ent cha nafsi ya tatu wingi hakitamkwi, kwa hiyo "parlent" na "parle" husikika sawasawa. Sisi tuliozoea kila silabi kuishia na irabu huongeza ka-e mwishoni. Kata kwenye l. T yake hufufuka tu irabu ikifuata, kama katika "parlent-ils": parl-til. Usilipeleke jambo hili kwenye nomino, lakini: -ent ya "moment" hutamkwa, tena puani.

"Nous parlions" na "nous voudrions" vyote vina -ions. Kwa nini cha pili kinaonekana kirefu zaidi?

Hapa ndipo patamu. Katika "parlions" i inayeyuka kuwa y: par-lyon, silabi mbili. Katika "voudrions" imetanguliwa na d na r zilizoshikana, na Mfaransa hatamki d, r na y kwa mkupuo mmoja. I inabaki irabu kamili, nayo y inachomoza baada yake: vu-dri-yon, tatu. Ndivyo ilivyo kwa "mettrions", na kwa l pia: "semblions" ni sem-bli-ons. "Finirions" haimo, maana r yake imetanguliwa na irabu: fi-ni-rions.

Sasa linganisha "nous aimerons" na "nous aimerions". Ya kwanza kwa kawaida ni em-ron, e ya katikati imemezwa. Ya pili e hiyo hairuhusiwi kupotea, la sivyo m, r na y zingegongana: e-me-ryon. Herufi moja tu imeongezeka, na silabi nzima imerudi! Wanafunzi wengi hawaambiwi hili, wakadhani wana masikio mabovu.

"Faisons" ni "fezon" kweli?

Kweli. Ai hiyo husomwa kama e hafifu ya "le", na vilevile katika "faisait". "Fait" haiguswi.

"Ils essaieraient" inanitisha.

Kitenzi chenyewe, bila "ils", kina irabu saba kwenye karatasi, tatu mdomoni: e-se-re.

Na "j'ai eu"?

"Eu" hapo ni irabu moja. Ulimi uweke wa i, midomo iviringe ya u. Hata "ils eurent" hufuata hivyo: "eurent" ni silabi moja, inayoishia na r.